“Huna mkono”: je, mkono wa kupika hufundishika?

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Singida, nina miaka 26. Nimeolewa Tanga mwaka jana na tunakaa Makorora, nyumba moja na mama mkwe. Kwetu nimekulia ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji. Wali ulikuwa wa sikukuu, na nazi sikuwahi kuikuna. Hapa kila siku ni wali wa nazi na mchuzi. Wali wangu chini unaungua, juu una kiini. Nikiongeza maji unakuwa bokoboko. Mchuzi wa samaki ndiyo usiseme, tui linakatika mpaka naona aibu kuutenga. Nimeangalia video nyingi kwenye simu, nafuata hatua zote, bado. Nikimuuliza mama kipimo ananiambia ‘kadiria’. Juzi nilimsikia akimwambia wifi yangu kwamba sina mkono, na mkono mtu huzaliwa nao. Baada ya mwezi mmoja tuna hitima ya marehemu baba mkwe, na mume wangu ameshasema wali wa wageni wa ndani, watu kama 12, nitapika mimi. Je, ni kweli mkono haufundishiki? Nijiunge na kozi? Nianzie wapi?”

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa si wali ulioungua, ni ule ugali wa uwele ulioutaja kwa kupita. Hebu nikuulize. Ukiusonga, unapima unga kwa kikombe gani? Naamini huna jibu la namba. Unaona maji yamechemka, unakoroga uji kidogo, unaongeza unga, mwiko unaanza kugoma, mkono wenyewe unakuambia basi. Kesho wifi yako akienda Singida akakuomba kipimo, utamwambia nini kama si neno hilohilo linalokukera?

Kwa hiyo mkono unao. Umezoea uwele, haujazoea nazi. Mama mkwe naye, ukimkabidhi unga wa uwele na mlenda, sidhani kama siku ya kwanza mtakula mkashiba. Nimefundisha sayansikimu hapa Tanga miaka mingi, wasichana kwa wavulana, na sijamwona hata mmoja aliyezaliwa akijua kupika. Niliowaona ni wale waliokaa jikoni tangu wana miaka sita, wakitumwa “niletee chumvi”, “hebu angalia kama maji yamekauka”, wakionja, wakifukuzwa kwa kuonja mara ya pili. Wakifika miaka ishirini watu husema wamezaliwa nao. Nitampa mama haki yake kwa jambo moja: pua na ulimi vinatofautiana, wapo wanaonusa kitunguu kinachotaka kuungua wakiwa barazani. Lakini wali wa nazi wa kila siku hauhitaji pua ya ajabu.

Na hilo neno “kadiria” lisikutishe. Watu wa pwani wamepima siku zote. Pishi ni vibaba vinne, konzi ni ujazo wa ngumi, ukufi ni ujazo wa kiganja. Wali wa mama una kipimo, ila kimetoka kwenye kibaba kikahamia kwenye jicho. Anatumia sufuria ileile, kikombe kilekile cha bati, na maji yakifika pale penye mstari mweusi ndani ya sufuria anajua yametosha. Ukimwambia akueleze hawezi, wala si uchoyo. Msimamishe mama anayesuka ukili umuulize vidole vyake vinapitana vipi: ataviangalia, atakosea, atafumua.

Basi usimuulize kipimo, pima kilichobaki. Siku anayopika yeye, wewe ndiye umwandalie vitu. Tia vikombe vitano kamili vya mchele kwenye bakuli, chumvi ijaze kikombe cha kahawa mpaka ukingoni, maji yaweke kwenye jagi lenye alama za lita. Mwache achote apendavyo kwa makonzi yake. Akimaliza, angalia kilichobaki, andika. Fanya hivyo siku tatu tofauti. Utaona namba zake zinakaribiana mno, na hapo utakuwa umepata kipimo cha mama bila kumsumbua.

Sasa wali wenyewe. Unadhani una makosa mawili, chini kuungua na juu kuwa na kiini. Ni kosa moja. Punje ya mchele imejaa wanga, na wanga huo haulainiki mpaka upate maji na joto kwa pamoja, kati ya nyuzi 60 na 80 hivi kutegemea aina ya mchele. Mwanzoni maji yanatokota, mchele unaogelea, vyote viwili viko kila mahali. Maji yakishazama chini ya mchele, punje za juu hazina tena wa kuziivisha isipokuwa mvuke. Na wewe wakati huo unafanya nini? Nakisia unafunua. Unaona maji yamekwisha, roho inakuruka, unageuza kwa mwiko, unafunika, unafunua tena. Huku mkaa unawaka vilevile kama ulipoanza, chini ya sufuria nyembamba ya alumini. Maji yalipokuwepo joto la chini halikuweza kupita nyuzi 100. Yamekauka, sasa linapanda litakavyo, panaungua. Juu mvuke umeshatoka, kiini kimebaki. Ukimimina maji mapya hakuna unachotibu, kwa sababu punje zilizokwisha kuiva ndizo zinazoyanywa kwanza na kupasuka. Ndilo hilo bokoboko lako.

Hii ndiyo maana ya kupalia, ambayo bila shaka unamwona mama akiifanya kila siku na kudhani ni mazoea tu. Maji yakikaribia kukauka, juu ya wali hutokea vitundu vitundu kama vya kaa ufukoni maji yakishakupwa. Hapo hapo toa makaa mengi chini, bakiza machache, mengine yaweke juu ya mfuniko. Mfuniko ubane kweli. Kama unacheza, uwekee kitu kizito. Makaa ya juu yanauzuia mvuke usigeuke maji ya baridi kwenye mfuniko, na yanazipa joto punje za juu. Dakika 15 hadi 20, na mkono wako usiuguse mfuniko huo hata akija nani. Kwa jiko la gesi utashusha moto mpaka mwisho, ila juu hutapata joto, kwa hiyo ubane mfuniko zaidi na ukishazima uuache wali umefunikwa dakika kumi nyingine.

Tumia sikio badala ya kufunua. Maji yakiwa mengi sufuria inagugumia. Yakipungua, sauti inakuwa nyembamba, kama mtu anayenong’ona. Ukisikia mpasuko mdogo mdogo, chir, chir, maji ya chini yamekwisha na makaa bado ni mengi. Wanafunzi wangu nilikuwa nawafumba macho kwa kanga nawaambia waniambie lini nitoe makaa. Walicheka wiki ya kwanza. Ya tatu walikuwa hawakosei.

Nazi inaongeza jambo. Kikombe cha tui zito, lile la kwanza ambalo wazee wakiliita kasimile, si kikombe cha maji. Sehemu yake nzuri ni mafuta, na mafuta hayaingii ndani ya punje. Ukipika mchele kwa tui zito tangu mwanzo umeunyima maji, na tui lenyewe linakamata chini. Chemsha kwanza tui jepesi, la mchujo wa pili na wa tatu, tia chumvi, onja: liwe limekolea kidogo kuliko unavyotaka wali ukolee, maana mchele utaigawana. Tia mchele uliooshwa. Vile vitundu vikianza kuonekana, mwagia tui zito juu, geuza mara moja tu kwa upole, palia.

Video ulizotazama nazo zina kasoro yake. Si kwamba zinadanganya. Yule anayekuambia “dakika kumi” ana sufuria nzito, gesi ya kurekebisha kwa kidole na mchele ambao hakutaja ulivunwa lini. Mchele mpya, uwe wa Kyela au wa wapi, bado una unyevu wake, unataka maji pungufu na unashikana upesi. Wa mwaka jana unakunywa. Na moto wa mkaa hauna namba. Nakubali uzitazame kwa kujifunza jinsi ya kushika kisu au kukunja sambusa, vitu vya macho. Dakika zao waachie wenyewe. (Singida iko juu, karibu mita 1,500, na huko maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Hapa usawa wa bahari ni 100. Kwa hiyo maharage ya Tanga yatakuivia mapema kidogo kuliko ulivyozoea. Wali wako hausingizii hilo.)

Lipo kosa moja zaidi ambalo hujalifanya bado, ila utalifanya siku ya hitima nisipokuambia, maana nililifanya mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika shule ambayo sitaitaja, mpishi aliumwa nikajitolea kupika wali wa wanafunzi. Nilijua kikombe kimoja cha mchele ni viwili vya maji. Nikapiga hesabu kama mwalimu, nikazidisha. Wali ule uligawiwa kwa upawa, na mtoto mmoja akauliza kwa adabu zote kama uji huu una sukari.

Kosa langu ni hili. Maji unayotia yana kazi mbili. Sehemu inanywewa na mchele, karibu kikombe kimoja na robo kwa kila kikombe cha mchele. Sehemu nyingine inapaa kuwa mvuke, na hiyo haijui umeweka mchele kiasi gani; inategemea mdomo wa sufuria, mfuniko na muda wa moto. Tuseme sufuria yako inapoteza kikombe kimoja na nusu. Vikombe viwili vya mchele vitanywa viwili na nusu, jumla vinne. Ndiyo ile kanuni ya mara mbili, na inafanya kazi. Sasa chukua vikombe kumi. Vitakunywa 12 na nusu. Mvuke, kwa sababu sufuria ni kubwa na moto unakaa zaidi, tuseme viwili na nusu. Jumla 15. Ukizidisha kwa mbili utatia 20, na hivyo vitano vya ziada ndivyo vitakavyokuaibisha mbele ya wakwe. Hata kile kipimo cha wazee cha pingili ya kidole juu ya mchele kina akili hiyohiyo ndani yake, ndiyo maana kinafaa kwa kidogo na kwa kingi, ila kwenye sufuria pana yenye mchele haba hukosea.

Tui la mchuzi nitalisema kwa ufupi zaidi kwa sababu dawa yake ni moja: moto mdogo. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika kwenye maji, yakishikwa na protini ya nazi. Ukilichemsha kwa nguvu, protini inakunjamana, matone yanaungana, mafuta yanapanda juu na chini kunabaki maji yenye chengachenga. Ukali unasaidia uharibifu huo, uwe wa ndimu, ukwaju, embe bichi au nyanya. Kwa hiyo nyanya ziive na kukauka kabisa kwanza, tui jepesi liende na samaki, tui zito liingie mwisho likikorogwa bila kuacha mpaka litoe mapovu ya kwanza pembeni, basi, epua. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Likikatika, si sumu, ladha ipo. Wapo hata wanaopenda mafuta yaelee. Tui la paketi mara nyingi limetiwa kitu cha kulishikilia, halikatiki ovyo, na siku ya wageni lingekutoa wasiwasi. Lakini kwa watu wa Makorora waliozoea nazi iliyokunwa asubuhi, watalitambua kwenye tonge la kwanza. Mimi ningekuna.

Kuhusu kozi. Vyuo vya ufundi stadi hufundisha upishi vizuri, ila vinamwandaa mtu wa kazi: hotelini, kwenye karamu, jiko kubwa. Kama unafikiria kuja kupata riziki kwa kupika, nenda ukaulize, ni njia njema. Kwa tatizo la mezani kwako, utalipa ada kujifunza mengi usiyoyahitaji, na wali wa nazi wa mama hautakuwemo. Njia ya pili ni mama lishe wa karibu. Ukimsaidia kuosha vyombo na kumenya vitunguu asubuhi mbili tatu, utaona wali ukipikwa mwingi, kila siku, na mtu asiyeweza kumudu kuuharibu, maana ndio mtaji wake. Hasara yake ni kwamba anapika kwa haraka na nazi anaibania.

Njia ya tatu ni mama mkwe mwenyewe, na ndiyo ninayoipendelea, ingawa najua ndiyo chungu kuliko zote. Zamani binti wa pwani alikuwa na somo wake, mtu wa nje ya mama, wa kuulizwa mambo bila haya. Wewe umeletwa jikoni kwa mtu moja kwa moja bila somo. Usimwendee na “nifundishe”, maana atasimama kukuhutubia. Mwendee na kazi: “Mama, leo naomba nikukunie nazi.” Kaa kwenye mbuzi, ukune, chuja, umsogezee. Kisha uliza kitu kimoja kidogo, wakati huohuo kinapotendeka. “Mama, umejuaje kwamba sasa ni wakati wa kutoa makaa?” Swali hilo ana jibu lake. Na siku wali wake ukipendeza, mwambie. Watu wanaopika kila siku husifiwa mara chache sana.

Ikiwa maneno yamevuka “huna mkono” yakawa ya kukudhalilisha mbele za watu, hapo si suala la upishi tena na barua yangu haitoshi. Zungumza na mumeo kwanza, tena umkumbushe kwamba aliyeahidi wali wa wageni ni yeye, kisha mtafute mtu mzima wa upande wao anayesikilizwa.

Samaki pia hajifunzwi kwa maandishi. Tafuta mtu wa kwenda naye Deep Sea, soko letu la samaki, asubuhi mara mbili, akushikishe changu aliyevuliwa usiku na aliyelala: jicho lililojaa na lililozama, shavu jekundu na la kahawia, nyama inayorudi ukiibonyeza na inayobaki na shimo. Kwa jodari, nguru na vibua kuwa mkali zaidi. Wakikaa kwenye jua wanatengeneza kitu kinachowasha mwili, kuumiza kichwa na kuwasha midomo, na moto haukiondoi hata uchemshe saa nzima. Mtu akivimba au akakosa pumzi baada ya kula, ni hospitali, si maziwa. Na kwa kuwa utabeba sufuria kubwa: ukiungua, mimina maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga wala mafuta. Palipoungua pakiwa pakubwa kuliko kiganja, au ni usoni au mkononi, nenda hospitali ya Bombo.

Mwezi unatosha kama hutapika vitu vingi. Chagua sufuria moja, kikombe kimoja na mchele wa gunia moja, uombe muuzaji akubakizie. Wiki ya kwanza pika vikombe viwili kila siku, usibadilishe kitu isipokuwa kimoja kwa siku: leo maji, kesho makaa. Andika. Wiki ya pili vikombe vinne. Wiki ya tatu azima sufuria ile ile itakayotumika kwenye hitima, upike vikombe kumi vyote, ambavyo ni kilo mbili hivi, kwa nazi nne: vikombe 12 vya tui jepesi, vitatu vya zito. Waite majirani waje wale, wakusaidie kuumaliza. Utakaobaki usiuache kwenye sufuria mpaka asubuhi kwa joto letu hili. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa mbili. Wali uliolala nje hutengeneza sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi, na wa nazi huchacha upesi.

Ukishapakua, angalia ukoko. Ukiwa na rangi ya ganda la kitunguu na unabanduka wenyewe, moto wako ulikuwa sawasawa. Ukiwa mweusi upande mmoja, makaa yalikaa upande huo; siku nyingine uzungushe sufuria robo duara kila baada ya dakika tano, bila kufunua. Mkwaruzie mama kipande, mpelekee na chai.